Kalenda Yenye Sura ya Mama Judith

Honoré Vasselin aliishi miaka mingi baada ya kalenda ile, na kila alipoulizwa alisema mkono wake uliteleza. Tusimwonee, lakini pia tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mkono wa mtu aliyechonga picha kwenye shaba kwa miaka thelathini hautelezi hadi ukatengeneza uso mzima, na makunyanzi yake, na kovu lake.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mwaka ule Mfalme alipowafutia Waprotestanti ruhusa ya kusali. Hekalu lao la Charenton lilikuwa limeshabomolewa, na watu walikwenda Jumapili kutazama kifusi. Katika mtaa wa Saint-Jacques, mjini Paris, wachapaji wa picha hawakuwa na muda wa kufurahi wala wa kusikitika, maana huo ndio msimu wa kalenda. Kalenda zile zilikuwa kubwa, za kujaza ukuta: juu picha ya kumsifu Mfalme kwa aliyoyatenda mwaka huo, chini siku zote na watakatifu wake. Duka la mkate lisilo na kalenda mpya lilionekana limefilisika. Lakini ilipaswa iwe tayari wiki ya kwanza ya Desemba. Ikichelewa, karatasi yake ilifaa kufungia jibini.

Honoré alichukua kazi ya Bibi Cottart, mjane aliyekuwa na duka lenye madirisha mawili na ulimi usio na dirisha hata moja la kuufunga. Mchoro ulitoka kwa mchoraji mmoja wa kasri. Ufaransa, mwanamke aliyenona mwenye taji, amekaa kwenye kiti cha enzi. Mkono mmoja ameinua sura ya Mfalme ndani ya duara la majani. Mkono wa pili anawagawia maua wasichana watatu waliopiga magoti, Uchoraji, Uchongaji na Ujenzi. Chini ya unyayo wake amelala Uzushi, yaani dini ya Waprotestanti. Hata asiyejua kusoma alielewa: sanaa zinastawi mkononi mwa Mfalme, nchi ni moja na dini yake moja, na asiyetaka atakanyagwa. Mchoraji alikuwa amemaliza kila kitu isipokuwa uso wa Uzushi. Hapo aliacha duara tupu na kuandika pembeni: bikizee, nywele za nyoka, kinywa wazi. Ndivyo walivyo wakubwa wa kasri, sehemu chafu humwachia mchongaji aihangaikie.

Bibi Cottart alimdokezea jambo jingine. Ofisi ya majengo ya Mfalme ilikuwa inatafuta mtu wa kupewa jina la Mchongaji wa Mfalme pamoja na chumba kwenye majumba ya Louvre, chumba chenye madirisha yanayotazama mto. Honoré alikuwa na miaka arobaini na minane na macho yake yalianza kuchoka. Alifanya kazi kwenye ghorofa ya pili nyuma ya ua, ambako saa tisa alasiri lazima awashe mshumaa. Mwanga wa mto aliuota kama wengine wanavyoota wanawake.

Basi akachonga. Na lilipofika lile duara tupu, hakulisumbulia sana kichwa. Katika maisha yake alikuwa amewahi kuutazama kwa karibu uso mmoja tu wa mwanamke mwenye kinywa wazi. Alipokuja Paris akiwa na miaka kumi na mitatu, alifundishwa kazi na mzee Rambour, Mprotestanti, na kwa miaka saba alikula mezani kwa mke wake, Judith. Mama Judith alimfulia mashati, alimtoa chawa, alimpa supu ya kabichi mara mbili kwa siku alipokuwa mgonjwa na mara moja alipokuwa mzima. Na alipoharibu bamba la shaba, Mama Judith alisimama juu ya ngazi akamfokea hadi majirani wakatoka milangoni. Uso ule wa juu ya ngazi ndio aliouchonga Honoré. Kwenye kunyanzi la pili alishajua anamchonga nani. Hakuacha, kwa sababu ulikuwa unatoka vizuri.

Hilo ndilo lililomsumbua baadaye, kwamba ulikuwa unatoka vizuri.

Bamba likamalizika Alhamisi. Kazi ya maandishi haikuwa yake. Mchongaji wa picha hachongi herufi, hizo zina mtu wake, na mtu wa Honoré kwa miaka ishirini na miwili alikuwa Élie Rambour, mtoto wa Mama Judith. Walikua pamoja, walilala kitanda kimoja cha uanagenzi, mmoja upande wa kichwa, mwingine upande wa miguu. Élie alikuja mchana kuchukua bamba ili achonge maneno ya kumtukuza Mfalme chini ya picha. Bamba la pili, la siku na watakatifu, alikuwa nalo kwake tayari.

"Nimefika Machi," alisema huku akikung'uta viatu. "Watakatifu wenu hawaishi. Kila nikidhani nimemaliza anatokea mwingine."

"Wavumilie. Ndio wanaokulisha."

"Wananilisha vibaya."

Alichukua kioo kilichokuwa mezani. Kwenye shaba kila kitu huchongwa kinyume, kulia ni kushoto na kushoto ni kulia, na mchongaji hutazama kazi yake kwenye kioo ili aone itakavyokuwa karatasini. Élie alitazama Ufaransa, akatazama sura ya Mfalme, akashusha kioo kwa wale wasichana watatu. Kisha akakishusha tena. Akakaa hivyo muda mrefu, na Honoré akaanza kupanga vyombo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Huyu ni mama," alisema Élie.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Huyu ni mama."

"Labda wanafanana kidogo. Nilikuwa na haraka, Élie. Nimekwenda kwa kumbukumbu, mkono ukateleza. Wazee wote wanafanana."

Élie hakupandisha sauti. Alimgeuzia kioo. "Kovu la mama liko juu ya jicho la kushoto. Ukienda kwa kumbukumbu kwenye shaba, unalichonga kama ulivyolizoea, na karatasini linatokea jicho la kulia. Kosa hilo tumelifanya wote tulipokuwa wanagenzi, baba akatupiga. Hapa limetokea kushoto. Maana yake ulisimama, ukafikiri, ukaligeuza."

Hakuna mtu mwingine mjini Paris ambaye angeweza kumshika Honoré kwa kovu, na yule aliyeweza ndiye aliyekaa mbele yake.

"Sikukusudia ubaya," alisema Honoré.

"Najua. Ulikusudia uzuri. Angalia kidevu hiki, ulivyokifanyia kazi." Élie alikiweka kioo chini taratibu. "Nisikilize. Mama ana miaka sabini na mmoja. Hakimu wa mtaa anawaita wenye nyumba wote wakatie saini kwamba wameacha dini. Mimi nitasaini au nitaondoka, sijajua. Yeye hatasaini, unamjua. Tulichokuwa tunakitegemea ni kimoja tu, kwamba hakuna atakayemkumbuka bikizee mmoja wa ghorofa ya nne. Asitazamwe. Basi. Akae kimya, anunue mkate wake, apande ngazi zake, afe kitandani kwake. Na wewe unataka kumtundika kila duka."

"Nitaufuta."

"Lini?"

"Kugonga kwa nyuma, kukwangua, kulainisha, kuchonga upya, ni siku nne. Leo ni Alhamisi. Jumatatu niletee bamba, utakuwa umemaliza maneno yako. Naanza hapohapo."

"Unaapa?"

"Élie, nimekula kwenu miaka saba."

Élie alilitazama bamba mara nyingine, akalifunga kwenye blanketi, akashuka nalo. Hakusema kwaheri, lakini wao hawakuwa na desturi ya kuagana.

Maskini Honoré, alikuwa anasema kweli. Ilivyokuwa Alhamisi ile, alikuwa na nia hasa ya kuufuta. Lakini kabla ya kumpa Élie bamba, asubuhi, alikuwa amechapa nakala tatu za kujaribia na kumpelekea Bibi Cottart moja. Jumamosi Bibi Cottart alipanda ngazi akihema, nyuma yake bwana mmoja wa ofisi ya majengo ya Mfalme, mwenye glavu zilizonukia maua ya machungwa. Bwana yule alitandaza nakala juu ya meza, akatoa kioo chake cha kukuzia, akaanza kukitembeza kama mtu anayetafuta kiroboto.

"Ufaransa ni nzuri," alisema. "Nzuri kama zile nyingine kumi nilizoziona wiki hii. Wasichana hawa hali kadhalika. Mfalme amefanana, hilo ni la lazima." Akafika chini. Akakaa hapo. "Huyu sasa. Huyu ni mtu. Umempata wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Haikuwa nafasi kubwa, lakini ilikuwepo. Angeweza kusema: bwana, uso huo sijauridhikia, naubadilisha. Asingehitaji kumtaja yeyote. Bibi Cottart angepiga kelele kwa ajili ya siku nne, kisha angenyamaza. Dirisha dogo nyuma ya Honoré lilitoa mwanga wa kijivu juu ya karatasi, na bwana yule akasogeza karatasi apate kuona vizuri.

"Kichwani mwangu, bwana," alisema Honoré.

"Hutakuwa na raha basi, ukiwa na mtu huyu kichwani." Bwana akacheka. "Usiuguse. Hata mstari mmoja. Mtu akimwona huyu anaelewa kwa nini Mfalme amefanya alichofanya. Na mimi nitalitaja jina lako panapostahili."

"Umesikia?" Bibi Cottart alimwambia Honoré. "Na mimi nilidhani ni mama mkwe wangu. Nilisema moyoni, huyu mjinga amemjulia wapi?"

Walicheka wote watatu. Honoré naye alicheka, na kicheko kile alikisikia masikioni mwake kwa miaka.

Jumatatu Élie alileta bamba. Maneno ya chini yalikuwa yamekaa sawa, herufi nyembamba pale pa wembamba na nene pale pa unene: Kwa Mfalme, mlezi wa sanaa na wa imani, Ufaransa yenye shukrani. Mtu aliyemdharau Honoré kiasi kile angeweza kuzichonga vibaya. Élie hakujua kuchonga vibaya.

"Sehemu yangu nimefanya," alisema. "Fanya yako."

"Wamekataa."

"Nani?"

"Ofisi ya Mfalme. Bwana mmoja alikuja. Amesema usiguswe."

"Ulimwambia ni nani?"

Honoré alitazama blanketi.

"Ulimwambia kwamba wewe hujaridhika nao? Ulimwambia chochote?"

"Élie, kama nikipata hilo jina, nitakuwa na watu wa kuwaomba. Nitaweza kumsaidia mama. Mtu wa Louvre anasikilizwa. Fikiria mbele kidogo."

"Ulikaa kimya," alisema Élie, wala hakuwa anauliza. Alikunja blanketi lake mara nne, maana lilikuwa la mama yake na asingependa liachwe kule, akaondoka. Miaka ishirini na miwili ya maandishi iliishia kwenye ngazi ile.

Kalenda zikatoka wiki ya kwanza ya Desemba, na zikanunuliwa kama mkate wa moto. Moja ilifika kwenye duka la mkate chini ya nyumba ya Mama Judith, upande wa Saint-Germain. Mwanzoni ilikuwa mzaha. Mwenye duka alimwambia mbele ya wateja, "Mama Judith, mbona hukutuambia umeingia kasri?" na Mama Judith akatazama, akasema yeye hana nyoka wengi kiasi hicho, wake wamenyonyoka. Wateja wakacheka. Kesho yake mtu mmoja aliyekuwa amecheka alimuuliza kwa nini hajaonekana kanisani. Keshokutwa watoto wa kisimani walimwita Uzushi, na mama zao hawakuwanyamazisha. Siku ya nne maji ya taka yalimwagwa mlangoni kwake. Wiki ya pili hakimu wa mtaa, ambaye kwenye orodha yake ya wenye nyumba hakuwa na jina la Judith kwa kuwa nyumba ilikuwa ya Élie, alielezwa na watu watatu tofauti kwamba yule wa kwenye kalenda anakaa ghorofa ya nne.

Élie alikuwa ametoka mjini kutafuta mwenye mkokoteni ambaye angewapitisha mpakani wote wawili, mama akiwa amelala chini ya marobota ya nguo. Alipokuwa huko, askari wawili wakaja asubuhi, wakamshusha Mama Judith ngazi zote nne, wakampeleka kwenye nyumba ya masista wanakofundishwa imani wale wasiotaka kufundishwa. Aliondoka na soksi aliyokuwa akiifuma, sindano zikiwa bado ndani yake. Rafiki mmoja alimkuta Élie barabarani akamwambia asirudi, kwa sababu askari walikuwa wanamngoja yeye pia. Akavuka peke yake, na kabla ya Pasaka ikasikika kwamba yuko Rotterdam.

Honoré aliyapata yote haya kutoka kwa Bibi Cottart, ambaye hakujua anamwambia nini. Alimsimulia kama habari ya sokoni, kwamba eti wamempata Uzushi mwenyewe kule Saint-Germain, na alifikiri hilo litamfurahisha mchongaji. Honoré aliomba kukaa.

Januari akapewa lile jina, akahamia Louvre. Na mwanga ulikuwa mzuri kweli. Ingekuwa afadhali kusema ulikuwa mbaya, kwamba ukungu wa mto uliharibu kila kitu, lakini haukuwa mbaya. Uliingia tangu asubuhi ukatanda juu ya meza, na chini ya mwanga huo Honoré hakuweza kuchonga hata ua. Wale watu wa kuwaomba aliomtajia Élie, alikwenda kuwaomba. Alizungushwa kutoka mlango hadi mlango. Wa kwanza alimwambia ni kazi ya maaskofu, wa maaskofu akamwambia ni kazi ya hakimu, hakimu akamuuliza yeye anahusianaje na mwanamke huyo. Honoré akasema anamfahamu tu.

Mwezi wa pili Bibi Cottart alitaka kuichapa tena picha ya juu, bila kalenda, akaiuze mikoani. Honoré alikwenda kumwomba bamba.

"Nibadilishe uso mmoja."

"Upi?"

"Wa chini."

"Ule walioupenda? Umerogwa, Vasselin? Karatasi elfu mbili zimetoka hapa kwa ajili ya uso ule."

"Naomba, Bibi Cottart. Sitadai chochote kwa kazi hiyo."

Bibi Cottart alimtazama. Alikuwa na ulimi, lakini macho pia alikuwa nayo. "Mikono ni yako, shaba ni yangu," alisema. "Siku sita, siyo saba."

Akaligonga bamba kwa nyuma, akakwangua, akalainisha mpaka shaba ikang'aa palipokuwa na uso. Kisha akachonga bikizee mwingine, safari hii wa kubuni hasa: pua ya tai, macho ya kutumbua, mashavu yasiyo na historia. Ulikuwa uso mbaya, kwa maana zote mbili, na hakuna mtu aliyewahi kuzaliwa nao. Zile nakala zake mbili za kujaribia, zenye sura ya Mama Judith, alizitia motoni. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu Novemba, alikula akashiba.

Alhamisi ya katikati ya Kwaresima aliruhusiwa kumwona Mama Judith kwa masista. Kulikuwa na chumba cha kupokelea wageni, na wavu wa chuma, na sista mmoja kwenye kiti pembeni akijifanya anasali. Mama Judith alikuja akitembea mwenyewe. Walikuwa wamemvika kofia nyeupe iliyomzidi.

"Umekonda," alimwambia Honoré.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wanakulisha nini huko kwa Mfalme?"

"Nakula, mama. Na wewe?"

"Samaki wa chumvi. Asubuhi wanasoma, mchana wanasoma, na mimi sasa masikio yamekuwa mazito, ni bahati kubwa." Akakaa. "Élie amefika?"

"Amefika. Yuko Rotterdam. Amepata kazi ya ramani, anachonga majina ya miji."

Mama Judith alitikisa kichwa mara kadhaa. "Basi," alisema. "Basi, vizuri."

Honoré alikuwa ameyaandaa maneno tangu Louvre, na njiani aliyarudia. Sasa yote yakamwishia, akasema tu, "Mama, ile kalenda. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Nani mwingine angenitia kovu? Nimekaa dukani nikaitazama vizuri. Umenipunguzia meno, lakini kidevu umekipatia." Hakuwa anamfariji, wala hakuwa anamchoma. Alikuwa mke wa mchongaji, na kazi aliijua. "Yule aliyenikanyaga ndiye nani?"

"Ufaransa."

"Ndiye Ufaransa? Amezaliwa wapi?"

"Hajazaliwa, mama. Ni mfano tu."

"Mimi nimezaliwa mtaa wa Marais, karibu na kanisa la Sulpice. Baba yangu amezaliwa hapo, na babu. Nilidhani mimi ndiye Ufaransa, au kipande chake." Alinyoosha kofia yake. "Mguu wake ulikuwa mzito kweli. Hilo nalo umelipatia."

"Nimekosa, mama. Nimekosa sana. Lakini nimerekebisha." Akapitisha karatasi chini ya wavu. Sista akanyanyuka, akaitazama, akaona sura ya Mfalme, akairuhusu. "Tazama. Mikoani itakwenda hivi. Hakuna atakayekujua tena."

Mama Judith aliisogeza karibu, akaitazama kwa muda, kidole chake kikishuka kutoka kwenye taji hadi kwenye maua hadi kwenye unyayo.

"Na mimi niko wapi?"

"Nimekutoa, mama."

"Umenitoa."

"Hupo kabisa."

Honoré alingoja asikie asante, na tusimcheke, maana alikuwa ameifanyia kazi siku sita.

"Hekaluni wamenitoa," alisema Mama Judith. "Nyumbani wamenitoa. Kwenye kitabu cha mtaa, nasikia jina la nyumba limeshabadilishwa. Palikuwa pamebaki humu. Chini ya mguu, sawa, na nyoka kichwani, lakini mtu akitazama Ufaransa ananiona na mimi nimo. Na humu nako umenitoa." Alikunja karatasi na kuirudisha chini ya wavu. "Élie hana sura yangu hata moja, Honoré. Nyumba ilikuwa imejaa wachora watu, hakuna aliyewahi kunichora. Niletee ile ya kwanza niione, kisha mpelekee yeye."

"Nitaileta," alisema Honoré.

"Lini?"

"Alhamisi ijayo."

Alitoka pale kama anayekimbia. Kwa Bibi Cottart haikubaki hata moja. Zake alikuwa amezichoma. Lakini mji mzima ulikuwa nazo ukutani, na mwaka ulikuwa na miezi tisa mbele yake. Alikwenda kwenye duka la mkate la Saint-Germain. Kalenda ilikuwepo, imetundikwa nyuma ya mizani, ila pale pa Mama Judith palikuwa na tundu. Wateja waliokuwa wakingoja mkate walikuwa wamemchokoa kwa kucha, kila mmoja kidogo, hadi ukuta ukaonekana. Alikwenda kwenye kilabu cha mvinyo, kule walimtoboa macho na kumchoma kwa kiko. Kwa fundi viatu waliupaka uso lami. Alizunguka siku tano, duka baada ya duka, na kila mahali Ufaransa ilikuwa safi na wasichana watatu walikuwa safi, na uso ule mmoja haukuwepo.

Jumatano alifika kwa kinyozi mmoja karibu na daraja, na kwa kuwa mtu haingii kwa kinyozi kutazama ukuta tu, akakaa kitini. Povu likapakwa. Kalenda ilikuwa mbele yake. Hapa walitumia wembe: uso ulikatwa duara zuri, kazi ya mkono uliotulia.

"Mbona umemkata?" aliuliza Honoré.

"Yule? Watu walikuwa wanamtemea mate, ukuta unaloa. Nikaona bora nimwondoe." Kinyozi alikuwa ananoa. "Kwani alikuwa nani? Uzushi tu."

"Alikuwa anaitwa Judith Rambour," alisema Honoré. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, na mtu aliyekuwa anangoja zamu akageuka. "Nimekula kwake miaka saba. Alinifulia mashati. Nilipoumwa alikaa nami. Nilimchonga mimi, nilijua ni yeye, wakaniuliza nimemtoa wapi, nikasema..."

"Usizungumze, bwana," alisema kinyozi, akimwinua kidevu kwa vidole viwili. "Nitakukata."

Honoré akanyamaza. Hilo alikuwa analiweza.